Nani ndugu wa nani? Njia nne za kuchora mti wa ukoo wa viumbe, na ipi ikufae wewe

Mwaka juzi nilimpeleka mwanafunzi wangu mmoja mwaloni Kibirizi. Kijana amekulia Mwanza, baba yake kahamishiwa Kigoma, na tangu afike alikuwa akilalamika kwamba dagaa wa huku wanauzwa kama wamepakwa dhahabu. Akachota kiganja kwenye beseni la mama mmoja.

"Shikamoo mama. Hivi hawa si ndio wale wale wa kwetu?"

"Marahaba mwanangu. Dagaa ni dagaa. Ila wa kwenu wanakuja na mchanga."

Watu wakacheka, tukanunua, tukaondoka. Njiani kurudi Ujiji akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa darasani mwaka ule wote: kama jina ni moja na umbo ni moja, nitajuaje kama kweli ni ndugu?

Jibu fupi ni kwamba undugu wao ni wa mbali. Dagaa wa Kigoma, yaani Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, wanaangukia upande mmoja na dagaa mchele wa Bahari ya Hindi. Dagaa wa Mwanza, Rastrineobola argentea, ni wa upande wa akina ningu, na yuko karibu zaidi na kambale kuliko alivyo karibu na dagaa wa kwetu. Wakati huohuo mgebuka wa Tanganyika na sangara wa Victoria, ambao hakuna mama wa sokoni atakayekuuzia mmoja kwa jina la mwenzake, wote ni Lates, jenasi moja. Jina la sokoni linafuata sufuria, halifuati ukoo.

Jibu refu ndilo hili. Zipo njia nne za kujua nani ndugu wa nani, na kila mwaka naulizwa ipi ni bora: na wanafunzi wa chuo wanaoandika pendekezo la utafiti, na walimu wenzangu, na mara moja na bwana mmoja anayesafirisha samaki wa mapambo. Swali lenyewe lina kasoro kidogo, lakini tulinganishe.

Kwanza, kusoma mti

Mti wa ukoo wa viumbe hujibu swali moja tu: hawa wawili wanakutana kwa babu yupi, na yule wa tatu anaungana nao kabla au baada ya hapo? Haukuambii nani kaendelea na nani kabaki nyuma. Sisi wa Kigoma tunalijua hili kuliko wengine, maana Gombe iko jirani, na tangu Jane Goodall aanze kazi pale 1960 swali la "eti tumetokana na sokwe?" halikosekani hata kwenye kijiwe cha kahawa. Sokwe si babu, ni binamu. Babu wetu wa pamoja aliishi takriban miaka milioni 6 au 7 iliyopita, na hakuwa sokwe wa leo wala mtu wa leo.

Kubahatisha nako hakufai. Spishi 3 zinaweza kupangwa katika miti 3 tofauti yenye shina. Spishi 4, miti 15. Spishi 10 tu, miti 34,459,425. Na viumbe vilivyokwisha kupewa majina ya kisayansi duniani ni takriban milioni 2.

Vipimo nitakavyotumia

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale. Inahitaji nini mkononi mwako, kuanzia sampuli hadi vifaa na fedha? Inaona mbali kiasi gani, maana kutenganisha samaki waliogawanyika juzi si sawa na kutenganisha uyoga na mnyama? Inakosea wapi? Na inamfaa nani? Hilo la makosa ndilo ninalolipa uzito zaidi kuliko yote, kwa sababu kila njia hukosea kwa namna yake, na ukiijua namna hiyo huwezi kudanganywa nayo.

Njia ya kwanza: maumbile

Hii ndiyo kongwe. Darwin alipochora mti wake mdogo kwenye daftari 1837 hakuwa na kingine cha kutumia zaidi ya mifupa, midomo na maua.

Inahitaji nini. Kisu kikali, lenzi ya mkono au hadubini, sampuli iliyohifadhiwa vizuri, na subira. Fedha ni kidogo. Kinachogharimu ni macho yaliyofundishwa, na hayo hayauzwi dukani. Mtu huchukua miaka kujua kuhesabu miale ya pezi bila kukosea.

Kanuni yake kuu iliwekwa sawa na Mjerumani Willi Hennig katika kitabu chake cha 1950, na inafaa kuieleza taratibu kwa sababu wengi huikosa. Kufanana peke yake si ushahidi wa undugu wa karibu. Kinachohesabika ni kufanana katika jambo jipya, lililozuka kwa babu wa kundi hilo na halikuwepo kabla. Kamongo ana magamba na mapezi, dagaa ana magamba na mapezi, lakini hayo ni mali ya urithi ya tangu zamani sana, hayasemi lolote. Mkate pezi kamongo: limeshikwa begani na mfupa mmoja, kama mkono wako unavyoanza na mfupa mmoja juu ya kiwiko. Dagaa hana hiyo. Kwa hiyo kamongo yuko karibu zaidi nawe unayesoma hapa kuliko alivyo karibu na dagaa, na vinasaba vimekubaliana na mfupa. Neno "samaki" lenyewe, ukilitazama kwa jicho la ukoo, ni kama kusema "watu wa bara".

Inaona mbali kiasi gani. Mbali kuliko zote, kwa maana moja: ndiyo njia pekee inayoweza kumweka kwenye mti kiumbe aliyetoweka zamani. Vinasaba huoza. Vya kale zaidi vilivyowahi kusomwa, kutoka kwenye udongo wa Greenland, vina umri wa takriban miaka milioni 2. Zaidi ya hapo, kwa visukuku, tunabaki na mfupa.

Inakosea wapi. Inakosea pale maisha ya aina moja yanapowapa viumbe wasio ndugu umbo moja. Mfano wa vitabuni umetoka kwenye ziwa letu. Tanganyika kuna Petrochromis, samaki wa miambani mwenye mdomo mpana wa kukwangua mwani. Ziwa Nyasa kuna Petrotilapia, mdomo huohuo, kazi hiyohiyo. Tanganyika kuna Cyphotilapia frontosa mwenye nundu kwenye paji la uso, na Nyasa yupo Cyrtocara moorii mwenye nundu yake. Ukiwapanga kwa macho utawaoanisha wawili wawili. Mwaka 1993 watafiti walisoma vinasaba vya mitokondria, vile vijiumbo vya kuzalisha nishati ndani ya seli, na kuonyesha kwamba kufanana huko kulizuka mara mbili, kila ziwa kivyake.

Inamfaa nani. Mwalimu wa sekondari, mtu wa visukuku, afisa uvuvi anayetaka kutambua samaki palepale mwaloni, na yeyote atakayetumia njia nyingine, kwa sababu bila kumtambua kiumbe kwa umbo hutajua hata ni nani uliyemsoma vinasaba.

Njia ya pili: kipande kimoja cha vinasaba

Hapa unachagua jeni moja, unainakili kwa mashine, unasoma herufi zake (A, C, G na T, yaani kemikali nne zinazounda vinasaba) na kuzilinganisha na za viumbe wengine. Kwa wanyama, tangu pendekezo la Paul Hebert na wenzake 2003, kipande kinachotumika zaidi ni cha herufi takriban 650 kutoka mitokondria, kwenye jeni iitwayo COI. Watu wanakiita barkodi, kama ile mistari ya kwenye pakiti ya sabuni.

Inahitaji nini. Kipande cha pezi au msuli kikubwa kama punje ya mchele, kichupa chenye ethanoli kali, na maabara. Kompyuta mpakato ya kawaida inatosha kwa uchambuzi. Programu kama MEGA ni ya bure.

Nilivyojifunza suala la kichupa ni aibu yangu mwenyewe. Mara ya kwanza klabu yetu ilipokusanya sampuli, nilizitia zote kwenye formalini, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kuhifadhi samaki. Vichupa ishirini na mbili, kila kimoja na lebo ya mwandiko mzuri wa msichana wa kidato cha tatu. Maabara niliyoomba msaada ilirudisha jibu la mstari mmoja: hakuna kilichosomeka. Formalini hushika umbo vizuri mno, lakini hufunga na kukatakata vinasaba. Ni ethanoli, ya asilimia 95 au zaidi, na kama samaki ni mzima kata pezi kwanza ndipo umtie kwenye formalini. Pombe kali ya dukani nayo isikushawishi, ina maji mengi mno.

Inaona mbali kiasi gani. Inategemea umechagua jeni gani. Jeni zina mwendo tofauti, kama mishale ya saa. COI ni mshale wa dakika: hubadilika upesi, hutenganisha spishi jirani, ila ukiiuliza mambo ya miaka milioni mia kadhaa mabadiliko yamekwishapandana hadi hayasomeki. Jeni za ribosomu, kiwanda cha protini ndani ya seli, ni mshale wa saa. Kwa kuzisoma hizo, Carl Woese na George Fox walitangaza 1977 kwamba viumbe tuliokuwa tukiwaita bakteria wote kwa pamoja ni makundi mawili yaliyotengana tangu kale, na lile la pili leo linaitwa akea. Molekuli ya aina moja, na dunia ikapata tawi zima ambalo hadubini haikuwahi kulitenga.

Kwa mimea COI haifai, hubadilika polepole mno. Wao hutumia rbcL na matK. Kuvu wana kipande chao pia, ITS.

Inakosea wapi. Mitokondria hurithiwa kwa mama tu. Kwa hiyo mti unaouchora ni wa ukoo wa akina mama, na kama zamani kulitokea ndoa ya mseto kati ya spishi mbili, unaweza kukuta spishi nzima inabeba mitokondria ya jirani. Katika ziwa letu mambo hayo yamethibitishwa kwenye kundi la Lamprologini. Kosa la pili ni pale mgawanyiko ulipokuwa wa haraka: Ziwa Victoria lina spishi za jamaa ya sato zipatazo 500 zilizozuka ndani ya miaka takriban 15,000, na huko barkodi hukuambia wote ni mtu mmoja. Kosa la tatu ni la binadamu. Ukilinganisha na hazina ya mtandaoni ambamo mtu aliweka jina lisilo sahihi, nawe utalirithi.

Inamfaa nani. Mtu mwenye swali la "huyu ni nani?" kuliko "ukoo mzima ulikuwaje?" Minofu iliyokwisha kukatwa kichwa na magamba, mayai na vifaranga vya samaki, nyama ya porini iliyokamatwa kizuizini: hapo barkodi haina mpinzani. Inamfaa pia mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye miezi michache na bajeti nyembamba, mradi asijipe swali linaloizidi nguvu.

Njia ya tatu: jenomu nzima (vinasaba vyote vya kiumbe), au mamia ya jeni

Inahitaji nini. Hapa mfuko unalia. Tishu mbichi iliyogandishwa au kuhifadhiwa vizuri, mashine za kusoma mamilioni ya vipande, kompyuta kubwa ya chuo au ya kukodi, na mtu anayejua kuzitumia. Siku hizi kuna mashine za kusomea zinazoenea kiganjani, lakini kusoma ni nusu ya safari. Nusu nyingine ni kupanga na kuhakiki, na hiyo hula umeme na muda. Kama sampuli zinatoka nje ya nchi, vibali huanza kabla ya kitu chochote. Nimeona kazi nzuri ikikaa mwaka mzima kwa sababu mtu alianza na ndoano kabla ya karatasi.

Inaona mbali kiasi gani. Karibu na mbali, ila utamu wake uko pale njia ya pili inapokwama. Mfano bora tena ni wetu. Tanganyika lina spishi takriban 240 za jamaa ya sato, karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Kundi la watafiti wakiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Basel lilikusanya karibu zote kutoka pande za Burundi, Tanzania na Zambia, likasoma jenomu zao, likachapisha mti 2021. Mti huo uliweka mwanzo wa kuchanua kwa ukoo huu kuwa takriban miaka milioni 9.7 iliyopita, ndani ya ziwa lenyewe. Yaani kuhe unayemla kwa ugali Jumapili, yule mkubwa kupita wenzake wote wa jamaa hiyo, na kale kasamaki kanakotagia ndani ya kombe tupu la konokono, wote wamo kwenye mti mmoja na matawi yao yanasomeka.

Kwa mimea kuna njia ya katikati inayonipendeza zaidi kuliko zote, sitaficha. Badala ya kusoma jenomu yote unanasa jeni mia kadhaa zilizochaguliwa. Bustani ya Kew ya Uingereza na washirika wake walitumia jeni 353 kuchora mti wa mimea ya maua wenye spishi zaidi ya 9,500, uliochapishwa 2024, na baadhi ya sampuli zilikuwa majani makavu yaliyokaa kabatini karibu miaka 200. Kwa nchi zenye makabati ya mimea iliyokaushwa na fedha kidogo, hilo ni jambo kubwa.

Inakosea wapi. Watu hudhani herufi nyingi ni ukweli mwingi. Siyo hivyo. Kila jeni ina historia yake, na jeni za mtu mmoja hazikubaliani zote. Jenomu ya gorila iliposomwa 2012, ilionekana kwamba katika takriban asilimia 30 ya jenomu, gorila yuko karibu zaidi na mtu au na sokwe kuliko hao wawili walivyo karibu wenyewe kwa wenyewe. Na bado mti wa spishi unabaki palepale, mtu na sokwe kwanza, gorila baadaye. Ukitumia mbinu ya uchambuzi isiyofaa, data nyingi zitakupa jibu lisilo sahihi kwa kujiamini kukubwa. Kwa bakteria hali ni nzito zaidi, kwa sababu hupeana jeni kando kando bila kuzaana, na mti huanza kufanana na nyavu ya dagaa.

Inamfaa nani. Chuo, taasisi ya utafiti, mwanafunzi wa uzamivu mwenye msimamizi anayejua kazi hii. Inafaa pia mtu wa uhifadhi anayehitaji kujua kama samaki wa mwambao mmoja wametengana kweli na wa mwambao mwingine kabla ya kupanga eneo la kulindwa.

Njia ya nne: mti uliokwisha kuchorwa

Wengi wanaoniuliza, nikiwasikiliza hadi mwisho, hawahitaji kuchora mti wowote. Wanahitaji kuusoma.

Inahitaji nini. Simu na bando. Open Tree of Life ilitoa rasimu yake ya kwanza 2015 kwa kuunganisha karibu miti 500 iliyokwisha kuchapishwa na orodha za majina, ikapata mti mmoja wenye ncha takriban milioni 2.3. OneZoom huuonyesha mti wa namna hiyo kama jani unalolisogelea kwa vidole hadi ulifikie tawi lako. TimeTree unaipa majina mawili, inakupa makadirio ya lini walitengana.

Mwalimu mwenzangu aliyeko Tabora aliitumia kwa darasa lake kwa namna niliyoiiba. Aliwapa majina matatu: mninga, mtundu na karanga. Nani ndugu? Darasa zima likasema mninga na mtundu, kwa nini tupoteze muda, yote ni miti mikubwa ya miombo. Wakaingiza majina ya kisayansi, Pterocarpus angolensis, Brachystegia spiciformis, Arachis hypogaea. Mti ukawaunganisha kwanza mninga na karanga. Mtundu akaja baadaye, kutoka tawi jingine la jamii ya mikunde. Ananiambia dakika tano zilizofuata hapakuwa na utulivu, kila mmoja akidai simu ya mwenzake imeharibika.

Inaona mbali kiasi gani. Kutoka bakteria hadi tembo.

Inakosea wapi. Mchoro ni safi mno, nao huficha ujinga. Sehemu kubwa ya ncha zake hazijawahi kuwekwa kwenye mti wowote wa utafiti. Zimetundikwa kwa kufuata orodha ya majina tu. Dalili yake ni fundo ambalo matawi mengi yanatoka kwa pamoja: hapo maana yake hatujajua nani alitangulia kutengana, haina maana kwamba wote walitengana siku moja. Kwenye TimeTree tazama makadirio yametokana na tafiti ngapi na yanapishana kiasi gani kabla ya kunukuu mwaka mmoja kama tarehe ya harusi. Na ndugu ambaye hajapewa jina hayumo kabisa. Makadirio ya 2011 yaliweka spishi za viumbe wenye seli zenye kiini kuwa karibu milioni 8.7.

Inamfaa nani. Mwalimu, mwandishi, mwongoza watalii wa Gombe au Mahale, mwanafunzi anayetafuta pa kuanzia. Mtafiti pia, kama ramani ya kujua wapi pana fundo ambalo bado halijafunguliwa.

Sasa wewe uko wapi?

Kama ni mwalimu na una vipindi viwili kwa wiki, anza na njia ya nne ili darasa libishane, kisha rudi kwenye ya kwanza ili walishike jambo kwa mikono. Usiwaanzishie na vinasaba. Herufi nne zinazojirudia mara mia sita hazimsisimui mtoto ambaye hajaona bado kinachogombaniwa.

Kama ni mwanafunzi wa chuo mwenye muhula mmoja, chagua kundi dogo, swali la utambuzi, na barkodi. Piga picha kila samaki akiwa mbichi, maana rangi huondoka ndani ya dakika chache, na hifadhi mwili wake pamoja na namba ya sampuli. Mtahini wako atauliza "una hakika gani huyu ni yeye?" na jibu liwe kwenye chupa.

Kama swali lako linahusu jamaa ya sato ndani ya ziwa lolote kati ya maziwa yetu makubwa, usijidanganye na jeni moja. Tafuta mshirika mwenye uwezo wa jenomu, au tumia data za 2021 ambazo ziko wazi, na uongeze kile ambacho wa Basel hawana: kujua mwamba upi, kina gani, mwezi gani. Wavuvi wa Katonga na Kibirizi wanayajua hayo.

Kama uko kwenye misitu, Tabora au Uvinza, na una majani makavu kabatini, fuatilia njia ya jeni 353 kabla ya kukata tamaa na fedha.

Kama unasafirisha samaki wa mapambo na mteja wa ng'ambo anabishia jina, picha nzuri pamoja na hesabu ya miale na magamba humaliza ubishi mwingi. Barkodi iwe ya pili, na kwa spishi zilizo ndugu sana inaweza isiwatenganishe.

Kama unachotaka ni kumshinda shemeji kwenye mjadala wa sokwe, bando la siku linatosha.

Na kama uko kama yule kijana wa Mwanza, huna maabara wala bajeti, una swali tu: yeye alimwomba shangazi yake ampakie dagaa wa kwao kwenye basi. Tukawaloweka wote kwenye maji ya vuguvugu, tukakaa na hadubini ya shule. Wa kwao hakuwa na meno hata moja tayani. Meno tuliyakuta kooni, kwenye mifupa ya nyuma ya mashavu, alama ya ukoo wa ningu. Wa Kigoma hakuwa na mpangilio huo, na yule Limnothrissa mkubwa kidogo alikuwa na vigamba vigumu vimejipanga mstari chini ya tumbo, kama vya ndugu zake wa baharini. Jumamosi iliyofuata alirudi Kibirizi.

"Mama, nimechunguza. Wale wa kwetu si ndugu wa hawa."

"Si nilikwambia," mama akasema, akimpimia kopo. "Wana mchanga."